Mkono Uliobaki Pichani

Hakuna aliyemlazimisha Fundi kusema panya. Mhifadhi wa makumbusho aliuliza tu, tena kwa upole, akionyesha tundu lililokuwa kwenye picha kwa kidole kilichovaa glavu nyeupe: "Hapa palikuwa na nini, mama?" Fundi angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni mambo ya zamani, kasahau, na mtu wa umri wake angeaminiwa bila maswali. Lakini neno lilimtoka kabla hajalipima. "Panya," alisema. "Nyumba ile ilikuwa na panya wengi sana."

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha makumbusho, kile ambacho wageni hawaingii. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake ililala fremu ya mbao nyeusi yenye maua ya kuchongwa pembe zote nne. Nyuma ilikuwa na namba ndogo iliyoandikwa kwa wino mweupe, 312. Miaka sita nyuma fremu hiyo ilikuwa ukutani kwa Fundi. Watu wa makumbusho walipopita mtaani wakiomba vitu vya zamani vya nyumbani, majirani walitoa pasi za mkaa na redio zilizokwisha kufa, na Fundi akatoa fremu. Alipewa cheti chenye muhuri. Mtaa mzima ulimsifu kwa moyo wake mkunjufu, naye hakumkatiza mtu hata mmoja.

Sasa wadudu wa bungua walikuwa wameingia kwenye mbao. Mhifadhi aliifungua ili aitibu, na ndani akakuta picha tatu, moja nyuma ya nyingine. Alisema hilo halikumshangaza. Nyumba nyingi zilikuwa na fremu moja tu, na picha mpya ilipopigwa iliwekwa mbele ya ile ya zamani, hakuna aliyejisumbua kuitoa. Fremu za namna hiyo hunenepa kwa nyuma mwaka hadi mwaka, na yeye huzipenda kwa sababu zinatunza watu waliosahaulika.

Picha ya mbele ilimwonyesha Fundi na mumewe wamesimama karibu na cherehani. Ya kati ilikuwa ya binti yao akiwa na miezi sita, ameketishwa juu ya mto. Binti huyo, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye aliyemsindikiza mama yake siku hiyo, alicheka mpaka akajifuta machozi. Aliuliza mashavu yote yale yalikwenda wapi. Ya nyuma kabisa ilikuwa ya harusi, na hiyo hakuwahi kuiona maishani mwake. Alikuwa ameambiwa ilipotea wakati wa kuhama.

Aliinama kuitazama. Baba yake alikuwa kijana mwembamba, koti likimpwaya mabegani. Mama yake alikuwa ameketi, amekaza midomo kama mtu aliyekatazwa kucheka. Kushoto kwa bibi harusi alisimama msichana mpambe aliyevaa gauni la mikono mifupi, na mahali pa uso wake palikuwa na tundu. Mwili ulikuwapo. Mkono ulikuwapo, umelala begani kwa bibi harusi, vidole vimeshika shela isianguke. Uso ndio haukuwapo.

"Panya," mhifadhi alirudia taratibu. Ukingo wa tundu ulikuwa wa vipembe vidogo vidogo vinavyolingana, duara zima. "Kwa kawaida panya huanzia pembeni. Huyu kaanzia katikati."

"Wa kule walikuwa na akili zao," Fundi alisema.

Binti alicheka, na mhifadhi kwa adabu akacheka pia. Kisha akachukua kalamu ya risasi akaandika kwenye kadi: Sehemu imeliwa na panya, kwa maelezo ya mtoaji. Fundi aliyasoma maneno manne ya mwisho mara mbili, na masikio yakamwaka moto. Binti alitaka kujua mpambe ni nani, akajibiwa kwamba ni mdogo wake mama. Alishangilia kama mtoto. Mama mdogo huyo, ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku, alimjua kwa kuonana naye misibani tu. Hakuelewa kamwe kwa nini mtu aliyepewa jina la kindege kisichonyamaza alikuwa mkimya vile. Mhifadhi alisema maonyesho yangefunguliwa baada ya siku kumi, kwamba picha ya harusi ingekuzwa na kutundikwa kando ya fremu, na kwamba tayari alikuwa amemwomba mwalimu azungumze kwa niaba ya familia zilizotoa vitu.

"Basi namwalika Mama Mdogo," binti alisema. "Namfanyia mshangao. Atajiona ukutani."

Fundi alisema ni wazo zuri. Ndivyo alivyosema, na wala sauti haikumtetemeka.

*

Chumba cha mbele cha nyumba ya Fundi ndicho duka lake. Pana cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu kwa ajili ya wateja, na ukutani kile cheti cha makumbusho, kilichofutwa vumbi kila Jumamosi kwa miaka sita. Chini ya cheti, kwenye msumari wake, huning'inia mkasi wa meno, ule unaokata ukingo wa kitambaa kwa vipembe ili nyuzi zisifumuke. Ni mkasi wa zamani, mzito, na Fundi hajawahi kununua mwingine. Jioni hiyo aliutungua akaufunga ndani ya gazeti, akauweka uvunguni. Kisha akaona anajichekesha, akautoa akaurudisha pale pale.

Mumewe, aliyestaafu kazi ya stoo katika kiwanda cha magunia, alikuwa kwenye mkeka akishona kiatu chake mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kumpa fundi viatu kazi aliyoiweza. Alimtazama mkewe akifanya mambo ya mkasi. Fundi alipoketi, alimweleza kwamba fremu ilikuwa imefunguliwa. Alimweleza na habari ya panya.

"Umewaambia panya?"

"Ningewaambia nini?"

Mzee alivuta uzi, akaukata kwa meno. Wote wawili walikuwa wanaiona siku ile ile moja. Walikuwa wamepanga chumba katika nyumba yenye bomba moja la maji na wapangaji watano, ndoa yao ina miezi minane. Chiriku, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa akikaa nao, akimsaidia dada yake kupinda pindo na kushona vifungo, anaongea tangu jua linapochomoza mpaka wanamwomba anyamaze wale. Mama mkwe akaja kutembea. Kitu cha kwanza alichokitazama ni shingo ya mkamwana wake, na shingo haikuwa na mkufu. Mkufu ule wa dhahabu aliutoa yeye siku ya harusi. Naye aliurithi kwa mama yake mwenyewe. Aliuliza uko wapi. Fundi alikuwa ameutafuta wiki mbili kwa siri bila kuuona, na kwa hofu ya macho ya mama mkwe alimtazama mdogo wake.

Alilitoa begi la Chiriku uani, mbele ya wapangaji waliokuwa kwenye foleni ya maji, akaanza kumwaga nguo moja moja juu ya saruji. Alikung'uta kila kitu. Alikung'uta hata vitambaa ambavyo msichana alivitumia siku zake za mwezi, akavinyanyua juu, na wanaume walikuwapo. Chiriku alisema mara moja tu kwamba hakuchukua. Baada ya hapo hakusema tena. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameondoka, begi halijafungwa zipu.

"Mimi nilishika begi," Mzee alisema. Katika miaka ishirini na minane hakuwahi kulisema. "Wewe ulimwaga, mimi nilishika."

Fundi akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akasogeza bobini na vipande vya chaki, akatoa kifuko cha kitambaa cha bitana. Alikifungua. Mkufu ulikuwa umefifia, lakini dhahabu ni dhahabu. Alisema aliuficha yeye mwenyewe ndani ya fremu, nyuma ya picha ya harusi, siku wageni walipojaa nyumbani. Halafu akaugua homa, na alipopona kumbukumbu yote ilikuwa imefutika.

"Uliupata lini?"

"Baadaye. Siku ninaweka picha ya mtoto."

Mzee aliutazama mkufu wa mama yake bila kuugusa. "Mama amekufa akimwita mdogo wako mwizi," alisema. "Mpaka kitandani, siku ya mwisho."

"Najua. Nilikuwa ninamnywesha uji."

Mzee alivaa kiatu kimoja, kile alichokuwa amemaliza, akachukua cha pili mkononi, akatoka kwenda kukaa nje. Fundi alibaki na kifuko mapajani. Alijiambia kwamba hatimaye amesema. Kumbe alikuwa ameupunguza ukweli kiunoni, kama anavyopunguza gauni la mteja, ili umkae vizuri.

*

Siku ya tatu alirudi makumbusho peke yake kuidai fremu. Alikuwa amejipanga. Angesema picha ya ndoa ni siri ya familia, na kwamba alipotoa fremu hakujua kuna picha nyingine ndani. Mlinzi wa lango alimuuliza kama ana miadi, akamketisha kwenye benchi la wanafunzi karibu saa nzima, na kila aliyepita alimuuliza amepotea au anasubiri mtu.

Mhifadhi alimsikiliza vizuri. Kisha alitoa faili, akamwonyesha fomu aliyoitia sahihi miaka sita nyuma, yenye maneno "bila masharti yoyote" juu ya sahihi yake. Alimwambia fremu haiwezi kurudi. Vitu vikishapewa namba havirudi nyumbani. Lakini picha ya harusi ni jambo jingine. Kama familia haitaki ionyeshwe, angeiondoa siku hiyo hiyo, hana ugomvi. Fundi alishusha pumzi. Mhifadhi akamwekea karatasi mbele.

Karatasi ilikuwa fupi. Jina, alijaza. Namba ya kifaa, alijaza. Mstari wa tatu uliandikwa Sababu, na mbele yake nafasi ya vidole vinne tu. Fundi alishika kalamu. Mwandiko wake si mbaya. Kila siku huandika vipimo vya watu, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Aliandika "Siri ya". Akakata. Aliandika "Mume wangu hataki", akakumbuka kwamba binti yake angemuuliza baba yake kabla jua halijazama. Akakata na hilo. Nafasi ikawa imejaa mikato.

"Nikupe karatasi nyingine?" mhifadhi aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Acha tu." Akatafuta cha kusema ili asitoke kama mwendawazimu. "Nilitaka tu kujua kama bungua wamekufa."

Mhifadhi alisema wamekufa wote. Alimsindikiza mpaka mlangoni, na njiani akamsimulia jinsi binti yake alivyokuja jana yake kusoma hotuba, hotuba nzuri mno, yenye kuchekesha, na kwamba ana bahati kuwa na mtoto anayejivunia kwao. Fundi alishukuru. Nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akalia kwa kificho, ameinamisha uso kama anatafuta kitu ndani ya pochi.

*

Zilipobaki siku mbili, alipiga moyo konde akaenda kwa Chiriku.

Chiriku alifanya kazi ya udobi, upande wa pili wa mji, katika chumba chenye meza mbili za kupigia pasi na nguo zimetundikwa mpaka darini. Fundi hakuwahi kufika hapo. Walionana misibani, mdogo alisema shikamoo, mkubwa akasema marahaba, na ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote kwa miaka ishirini na minane. Kuna mwaka walikosa msiba, hata hayo yakakosekana.

"Shikamoo, dada," Chiriku alisema bila kuacha pasi.

"Marahaba."

Palikuwa na wateja wawili. Fundi alisubiri waondoke. Walipoondoka akaja wa tatu, na huyo alikuwa mtu wa maneno. Chiriku alimwangalia dada yake aliyesimama katikati ya chumba, ameshika pochi kwa mikono miwili, akauliza kama ana nguo. Fundi hakuwa na nguo. Alikuwa na mtandio mabegani. Aliuvua akauweka mezani. Chiriku aliunyoosha kwa kiganja, akaunyunyizia maji, akaupiga pasi kwa mikono yenye uzoefu, pindo kwa pindo, kisha akaukunja mara nne. Mteja mzungumzaji alikuwa anasimulia habari za shemeji yake.

"Mtoto amenialika," Chiriku alisema ghafla, macho kwenye mtandio. "Kaja mwenyewe hapa. Anasema nivae vizuri, kuna kitu changu huko."

Hapo ndipo pa kusema. Fundi alijua kwamba ndipo. Alifungua mdomo, na alichokitoa ni: "Ni mambo madogo tu. Kama una kazi nyingi, usijisumbue."

Chiriku aliinua uso. Ulikuwa uso wa mama yao mzazi, mifuko ile ile chini ya macho, na Fundi aliona kwamba hajautazama vizuri tangu ulipokuwa wa msichana. "Nitakuja," alisema. Alivuta kitabu cha stakabadhi, akaandika mtandio mmoja, na kwenye nafasi ya jina la mteja akaandika: Wa kupita. Alikata karatasi akampa dada yake pamoja na mtandio. Fundi alilipa, akarudishiwa chenji kamili, akatoka. Kwenye kifuko ndani ya pochi mkufu ulikuwa umekwenda na kurudi.

*

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Wenye pasi za mkaa walizizunguka pasi zao, wakiwaonyesha wajukuu. Fremu namba 312 ilikuwa ndani ya kabati la kioo, imesafishwa, maua yake yanang'aa, na picha ya harusi ilikuwa ukutani kando yake, imekuzwa hadi kimo cha mlango. Tundu nalo lilikuwa limekuzwa. Vile vipembe ambavyo mwanzoni vilihitaji mtu ainame, sasa mtu alivihesabu akiwa mlangoni. Chini yake kilibandikwa kibao: Sehemu ya picha imeliwa na panya.

Binti alizungumza vizuri. Alisema nyumba zetu hazikuwa na makabati ya vioo, zilikuwa na fremu moja, na ndani ya fremu moja kuna familia nzima imebanana. Alisema mama yake alitoa fremu ile kwa moyo mmoja. Alisema na panya nao walitaka kula harusi, ila walichelewa, wakala mpambe. Watu waliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alikuwa kwenye kiti cha nyuma, viatu vimeng'arishwa, anatazama mikono yake.

Chiriku alikuwa ameingia katikati ya hotuba, gauni limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Aliposikia neno mpambe alielekea kwenye picha. Alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akainua kidole na kuzungusha hewani, akifuata ukingo wa tundu bila kuugusa, kipembe kwa kipembe. Binti alimwona, akaja mbio akamshika kiwiko, uso umejaa furaha.

"Umejitambua, Mama Mdogo?"

"Mkono ni wangu," Chiriku alisema. "Shela ilikuwa inateleza. Nilimwambia dada atulie, nimeishika." Aliendelea kutazama. "Panya huyu namjua. Nilimnunua mimi."

Binti hakuelewa. Alitabasamu, akisubiri mzaha uishe.

"Malipo yangu ya kwanza ya kushona vifungo," Chiriku alisema. "Dada alikuwa hana mkasi wa meno, nguo za wateja zilikuwa zinafumuka. Nikamnunulia."

Tabasamu la binti lilipungua polepole. Alikuwa amekulia chini ya mkasi ule, akiuiba na kukatia nao karatasi za rangi. Alirudisha macho ukutani, na mara hii aliona. Aliona, na akakumbuka kicheko alichokipata dakika tano tu zilizopita, na shingo yote ikamwiva.

"Si panya," Fundi alisema nyuma yao.

Alikuwa amekuja bila wao kusikia. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wenye pasi za mkaa walikuwa karibu, na mhifadhi pia, na watu wakianza kunyamaza unyamavu husambaa. Aliona mbele yake watu wengi kuliko waliokuwa uani siku ile, akaona ni haki. Aliendelea. Alisema uso ule aliukata yeye. Alisema alimwita mdogo wake mwizi na kummwagia begi mbele ya watu, na mdogo wake hakuiba. Mkufu aliuficha yeye mwenyewe ndani ya fremu hiyo hiyo. Alifungua pochi, akatoa kifuko, akautoa mkufu akaunyoosha kwenye kiganja.

Chiriku hakuuchukua. Aliutazama kama mtu anavyotazama nguo iliyoletwa na doa, akikadiria.

"Uliuona lini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile alilompa mumewe. Baadaye. Siku ya picha ya mtoto. Lingetosha. Mzee alikuwa amesimama sasa, na yeye angelithibitisha kwa kichwa, maana aliliamini.

"Baada ya..." Fundi alianza.

"Dada," Chiriku alisema, "mimi ni dobi, lakini si mjinga. Picha haikatwi ikiwa ndani ya kioo. Lazima uitoe. Na mkufu ulikuwa nyuma yake." Alisema polepole, bila hasira yoyote ya kusikika, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko matusi. "Nijibu moja tu. Kipi kilitangulia, mkufu au mkasi?"

Fundi alimtazama mumewe, akamtazama binti yake. Hakupata pa kuuweka uso wake, akauacha pale pale ulipokuwa.

"Mkufu," alisema.

Alieleza, kwa sababu sasa hapakuwa na la kubakiza. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, anasubiri aletewe picha isiyo na mwizi, akisema uso ule hataki kuuona tena ukutani. Fundi aling'oa misumari ya nyuma, akatoa kadibodi, na mkufu ukamwangukia mapajani. Ilikuwa mchana ule ule, mdogo wake hajamaliza hata saa moja tangu aondoke. Wapangaji bado walikuwa uani wanasema. Alifikiri namna ya kutoka pale, mbele ya mama mkwe na foleni ya maji, aseme amekosea. Alifikiri aibu yake. Akaufunika mkufu kwa gauni, akachukua mkasi.

"Ulikuwa bado kituo cha mabasi," alisema. "Ningekimbia ningekukuta. Nilijua."

"Nilikaa mpaka basi la jioni," Chiriku alisema. "Ya mchana yaliondoka matatu, sikupanda. Niliwaambia nasubiri mtu."

Alimgeukia binti, akamnyoosha kola ya blauzi iliyokuwa imekunjika, akamwambia amesoma vizuri na asijisikie vibaya kwa alichoambiwa na watu wazima. Kwa shemeji yake aliinamisha kichwa. Mzee alijaribu kusema kitu kuhusu begi, naye Chiriku alimgusa mkono akapita. Kwa dada yake hakusema shikamoo wala kwaheri. Watu walimpisha njia, viatu vyake vikasikika mpaka nje.

Mhifadhi ndiye aliyesogea. Hakujua afanye nini, kwa hiyo alifanya kazi yake: alikibandua kibao ukutani, akatoa kadi tupu mfukoni na kalamu ya risasi, akauliza kwa sauti ya chini aandike nini sasa. Fundi alimwomba kalamu. Aliweka kadi juu ya kioo cha kabati, juu ya fremu yenyewe, akaandika kwa mwandiko wake wa vipimo, bila kukata: Uso huu nimeukata mimi, dada yake. Hakuiba, na nilijua. Sababu: niliona aibu.

Alimpa binti yake kadi aikague, kama alivyozoea kumpa stakabadhi na barua zote. Binti alizoea kumrekebishia mama yake, nukta hapa, neno pale. Aliisoma kadi mpaka mwisho, akaisoma tena. Hakurekebisha kitu. Aliibandika ukutani mwenyewe.